Mdogo wangu, kuhusu lile swali la baiskeli

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na meseji unazisoma kisha kimya. Naandika hapa kwa sababu najua huwa unapita.

Kile kikao cha harusi bado kinaninyima usingizi. Mwenyekiti alikuuliza mchango wako kwa upole kabisa. Ungesema sina, au ungeomba muda, yangeisha. Wewe ukasimama mbele ya wajomba na mashemeji: "Muulizeni kaka. Hela yangu ililiwa na majibu yake ya kukariri." Watu wakacheka. Mimi nikabaki nimeshika soda ambayo sikuinywa. (Wasomaji wengine mnivumilie, haya ni ya nyumbani.)

Nani alikwambia ukariri neno kwa neno? Majibu ya mtihani nilikuandikia upate mwanga tu. IELTS, huo mtihani wa Kiingereza, nilikueleza mara ngapi? Sehemu ya kuongea ni dakika 11 hadi 14. Kwanza yale maswali mepesi: kwenu, kazi, chakula, baiskeli. Halafu kadi yenye mada, na dakika 1 ya kujiandaa, uongee mpaka dakika 2. Mwishoni ndipo wanapopandisha: kwa nini watu wa mjini wanaziacha baiskeli, serikali ifanye nini. Wanapima mtiririko, msamiati, sarufi na matamshi, vyote kwa uzito uleule. Ukweli hauna alama. Hakuna mtahini atakayepanda basi mpaka Shinyanga kuuliza kama kweli ulikuwa na baiskeli nyekundu.

Kwa hiyo hapo sikukosea. Umeulizwa kitu kidogo, unaendesha baiskeli? Wewe ukamwaga aya nzima bila kupumua, na ile "environmentally friendly" yake ndani. Watahini wanamjua mtu anayeimba alichokariri. Mtahini akakuuliza nani alikufundisha kuendesha, ukanyamaza. Uliniambia mwenyewe ulipotoka pale, kwamba ulikuwa unakitazama kinasa sauti kikiendelea kurekodi ukimya wako. Ukapata 6, na Uingereza wanataka muuguzi awe na 7 kwenye kuongea.

Ungejibu "siendeshi", basi. Ni jibu zuri sana, mradi ueleze kwa nini.

Na hiyo kwa nini yako naijua. Ile baiskeli ya baba, Phoenix, ule mteremko wa kutoka mashineni, wewe nyuma kwenye karia umekumbatia mfuko wa unga. Nilikwambia tanua miguu, kisha nikaachia breki kwa sababu kulikuwa na wenzangu wanatazama. Kisigino chako kikaingia kwenye spoku. Unga wote ukamwagika barabarani, nawe ukawa unauzoa kwa mikono, mguu unavuja damu, unalilia unga. Ulikuwa na miaka 7. Baba aliporudi nilimwambia uliruka mwenyewe. Akakufokea mguu ukiwa umefungwa kipande cha kanga. Ukanitazama tu, hukunikanusha. Tangu siku hiyo hujagusa pedeli.

Hadithi hiyo ilikuwa na kila kitu wanachokitaka. Wakati uliopita umejaa, na maneno kama spoku, karia na kisigino, ambayo watahiniwa wengi hawana kwa Kiingereza, wewe unayo, wodini ulishawahi kushona miguu ya namna hiyo. Ungeongea dakika 2 na mtahini angelazimika kukukatisha. Nilijua. Usiku ule nakuandikia majibu, hiyo ndiyo niliyoanza nayo. Nikafika mstari wa nne, nikafuta, nikakupa baiskeli nyekundu kutoka kwa mjomba ambaye hata daftari hakuwahi kutununulia. Nikajiambia ni kwa ajili yako, usije ukatokwa na machozi mbele ya mtu usiyemjua. Na inawezekana kweli ungelia. Sikuwa nimekosea kabisa.

Ada ya kurudia ninayo, imekaa kwenye simu tangu mwezi uliopita. Usiite fidia, na usiende kuitangaza kwenye kikao kingine. Chagua tarehe mwenyewe. Majibu sikuandikii tena.

Wakikuuliza baiskeli, sema ilivyokuwa, hata mimi unitaje. Baba hayupo tena wa kumwambia, kwa hiyo nakwambia wewe: hukuruka.

Kaka yako