Mbinu za spektra zisiachwe mwisho wa kozi

Mhariri,

Naomba nafasi niwakumbushe wanaofundisha hesabu za kompyuta kwamba mbinu za spektra za kutatua milinganyo tofautishi (ile inayohusisha mteremko wa jibu lenyewe) hazistahili kusukumwa hadi wiki ya mwisho. Mbinu iliyozoeleka hukadiria mteremko wa kila nukta kwa kutazama majirani wawili tu, hivyo ukiongeza nukta maradufu kosa hupungua mara nne, basi; mbinu ya spektra huandika jibu zima kama jumla ya mawimbi ya sini na kosini, na jibu likiwa laini na lenye kujirudia, kosa huporomoka. Chukua e iliyopandishwa kwa kipeo cha sini ya x: nukta 30 hivi zatosha kupata mteremko wake kwa usahihi wa tarakimu zaidi ya 10. Algoriti ya Cooley na Tukey ya 1965, yaani utaratibu wa kugeuza thamani za nukta kuwa mawimbi kwa haraka, ilizifanya hesabu hizo ziwe nyepesi.

Hata hivyo (na hapa nimewahi kuumbuka), jibu lenye mruko wa ghafla huzusha kando yake kilele kinachozidi kwa takriban asilimia 9 ya mruko wenyewe, na kuongeza mawimbi hukisogeza tu karibu na mruko bila kukifupisha.

Wako,
Mwalimu wa hisabati