Baada ya kifo leba, nani anamuuliza mkunga hali yake?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi wauguzi na wakunga tunanong'onezana kwenye chumba cha chai, kisha tunalinyamazia mbele ya wakubwa. Ni hali ya nesi baada ya mgonjwa kuumia au kufa mikononi mwake.

Hapa Uganda mama akifa kwa uzazi, utaratibu uko wazi. Kifo kinaripotiwa ndani ya saa 24, na ndani ya siku 7 kamati ya kituo inakaa kukichambua: mama alifika saa ngapi, nani alimpokea, patografu, yaani chati ya kufuatilia uchungu, ilijazwa au haikujazwa, damu iliombwa lini na ilifika lini. Nauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote. Utafiti wa kitaifa wa 2016 ulionyesha vifo 336 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukaonyesha 189. Siamini tungefika hapo kama tungeendelea kuzika bila kuulizana. Lakini katika vikao vyote nilivyokaa, sijasikia mtu akiuliza kama mkunga aliyekuwa zamu usiku ule amelala tangu siku hiyo, au ana mtu wa kuongea naye.

Nitaeleza nilichokiona kwa macho yangu. Hospitali sitaitaja, wala mwenzangu. Niseme tu ni huku kwetu West Nile, kaskazini magharibi mwa nchi.

Mama alijifungua salama, kisha akaanza kutoka damu nyingi. Mkunga alikuwa peke yake leba. Alichoma oksitosini, dawa ya kukaza mji wa mimba, akakanda mji wa mimba, akaweka dripu, akamtuma askari kumwita daktari, naye daktari alikuwa thieta na mgonjwa mwingine. Damu ya kundi la yule mama haikuwepo kwenye friji, ikabidi ifuatwe mbali. Alfajiri mama akakata roho. Nilipoingia asubuhi kupokea zamu nilimkuta mwenzangu amezipanga ampuli tupu mezani, mstari mmoja, anasoma moja moja: jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuisha. Akifika mwisho anaanza tena. Akaniambia, "Sista, hebu nisomee na wewe." Nikasoma. Dawa ilikuwa sahihi. Hakuniamini, akaenda kumwomba na dada wa usafi, ambaye hajui kusoma.

Asubuhi hiyohiyo aliitwa ofisini kuandika maelezo. Usiku wake alirudi zamu, peke yake, leba ileile, kitanda kilekile. Kamati ilipokaa ilikuta kwamba kilichomuua yule mama ni kuchelewa kwa damu, na kwamba mkunga alifanya alichopaswa kufanya. Hakuna aliyemwambia. Alikuja kusikia kwa watu, juu juu, wakati tayari ameshaomba kuhamishiwa chanjo. Huyu ndiye tuliyekuwa tukimwita mtoto akitanguliza matako, kwa sababu mikono yake ilikuwa na utulivu ambao sisi wengine hatuna. Leo anachoma watoto sindano za surua na leba haingii kabisa. Akina mama wa wilaya yetu wamepoteza mkunga wao bora.

Na huyo hakukosea. Sasa mfikirie aliyekosea kweli: aliyechukua ampuli inayofanana na nyingine gizani umeme umekatika, aliyempa mtoto kipimo cha mtu mzima kwa sababu alikuwa na wodi nzima peke yake. Yeye anabeba yote mawili, kosa lenyewe na ukimya unaolifuata.

Mambo haya yamechunguzwa na wenzetu kwa muda mrefu. Mwaka 2000 daktari Albert Wu wa Johns Hopkins, Marekani, aliandika katika jarida la British Medical Journal kwamba mhudumu naye huumizwa na tukio la namna hii, na kwamba hospitali humwacha ajitibu mwenyewe. Susan Scott, nesi wa Chuo Kikuu cha Missouri, alikaa na wahudumu waliopitia matukio hayo, akaona kwamba mwisho wao hutofautiana. Wapo wanaoacha kazi au kitengo. Wapo wanaobaki lakini moyo umekufa. Na wapo wanaosimama tena wakawa wahudumu bora kuliko mwanzo. Huko Missouri na Johns Hopkins wakafundisha wafanyakazi wa kawaida, manesi kwa madaktari, waweze kuitwa saa yoyote kumsikiliza mwenzao mara baada ya tukio, kwa siri. Anayehitaji zaidi ya hapo ndiye anayepelekwa kwa mtaalamu.

Msaada huo lazima utenganishwe kabisa na uchunguzi, na hapo ndipo naona tutakosea tukifanya haraka. Anayemsikiliza nesi asiwe ndiye anayemwandikia barua ya onyo. Mkimpa inchaji, msimamizi wa wodi, kazi zote mbili, hakuna atakayefungua mdomo. Wauguzi wanaogopa, na wana sababu. Wengi walisikia habari ya RaDonda Vaught, nesi wa Tennessee aliyempa mgonjwa vekuronium, dawa ya kupooza misuli, badala ya midazolamu, dawa ya kutuliza, mwaka 2017. Alikiri mwenyewe kosa lake. Mwaka 2022 mahakama ya jinai ikamtia hatiani, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3. Sisi hapa hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Tunajua inavyokuwa ndugu wa marehemu wakija getini na polisi. Nesi anayeona kwamba kusema ukweli ni kujifunga mwenyewe atanyamaza, na ampuli mbili zinazofanana zitaendelea kukaa kwenye droo moja zikimsubiri mwingine.

Watu husema wauguzi hatutafuti msaada. Tunautafuta sana. Tunaenda kwa padri, kwa shehe, kwa rafiki tuliyesoma naye chuoni. Ila kwa hao wote tunasimulia nusu, kwa sababu siri za mgonjwa hatuwezi kuzitoa nje ya hospitali. Kipo kitengo cha afya ya akili kwenye hospitali ya rufaa hapa Arua, lakini nesi akienda atakaa benchi moja na mgonjwa aliyemhudumia jana, na kabla ya jioni wodi nzima imejua. Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, iko Kampala, karibu kilomita 500 kutoka hapa. Ndiyo maana naamini mtu wa kwanza anapaswa kuwa mwenzetu wa palepale, aliyefundishwa kusikiliza na kufunga mdomo, anayejua leba inavyokuwa saa tisa usiku.

Najua wapo watakaoniuliza: na yule mama aliyekufa? Na mume wake, na mtoto aliyebaki? Wana haki ya kuuliza, na mimi nawaweka hao mbele kuliko sisi. Siombi mtu yeyote asamehewe uzembe. Nesi aliyelewa kazini au aliyedai pesa mgonjwa akivuja damu ana mahali pake, na Baraza la Wauguzi na Wakunga lina mamlaka juu yake. Lakini familia hiyo inahitaji kuambiwa ukweli na mtu aliyekuwepo, anayeweza kuwatazama usoni na kujibu. Mwenzangu asubuhi ile hakuweza hata kumsalimia mama mkwe wa marehemu. Alipita dirishani kwa nyuma. Yule bibi alirudi kijijini bila kujua mkwewe alipiganiwa usiku kucha, na mpaka leo huenda anaamini aliachwa.

Shirika la Afya Duniani limeweka tarehe 17 Septemba kuwa Siku ya Usalama wa Mgonjwa tangu 2019, na mwaka 2020 kaulimbiu yenyewe ilikuwa usalama wa mhudumu wa afya. Kwetu siku hiyo hupita na fulana na hotuba. Ninachoomba Wizara, Baraza na chama chetu cha wauguzi hakidai jengo wala mishahara mipya. Kila hospitali na kila kituo cha afya daraja la nne kiwe na wauguzi wachache waliofundishwa kazi hiyo. Aliyepoteza mgonjwa asirudishwe zamu peke yake usiku unaofuata. Na kamati ya kuchambua kifo isifunge kikao chake mpaka imeteua mtu wa kumpelekea mkunga matokeo, ana kwa ana, wiki hiyohiyo, yawe mazuri au mabaya.

Mkunga, Arua
(Jina limehifadhiwa)