Kabla hujanunua karatasi za manila

Tabora

Shoga yangu Mama Neema,

Salaam nyingi kutoka huku kwenye miembe. Sisi wazima, ila vumbi la kiangazi linatumaliza. Jumapili simu ilikatika ukiwa unacheka kwamba huko Kigoma wamekutia kwenye kamati ya usalama kazini hospitalini kwenu, na kazi ya kwanza waliyokupa ni kuandika mabango. Nimeona nikuwahi.

Mabango hata sisi tulibandika. "Usirudishie kifuniko cha sindano." Yalikaa ukutani mpaka yakapauka, na watu wakaendelea kurudishia na kuchomwa na sindano zilizotumika. Mkubwa akisikia fulani kachomwa, swali lake la kwanza: kwa nini hukuwa makini? Sasa hapo nani ataripoti? Daftari la matukio la mwaka mzima lilikuwa na majina mawili, moja langu. Unakumbuka nilivyokaa siku nzima bila kumwambia hata baba watoto.

Matroni wetu ndiye aliyetuzindua. Alichora wodi kwenye karatasi kubwa: vitanda, mlango, meza ya dawa, sinki. Akaiacha chumba cha chai pamoja na kalamu nyekundu, akasema kila aliyewahi kuchomwa, kukatwa au kuteleza atie nukta mahali palipomtokea, jina asiandike. Nukta ya kwanza aliitia mwenyewe, ya enzi zake za unesi mdogo wodi hiyohiyo.

Nilidhani nukta zitajaa vitandani, kwa wagonjwa wanaoruka wakiona sindano. Wapi! Zilijazana njiani, kutoka vitanda vya mwisho hadi kwenye sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, maana lilikuwa moja tu, juu ya kabati la mlangoni. Uko zamu ya usiku peke yako, umeme umekatika, mkono mmoja tochi na mwingine sindano iliyo wazi, na safari ni ya wodi nzima. Utaacha kuirudishia kifuniko? Lile bango lilikuwa linatugombeza sisi kwa kosa la kabati.

Iliyonikosesha usingizi ilikuwa nje ya ramani kabisa. Mama wa usafi alichora ndoo ya mashuka pembeni mwa karatasi, akatia nukta nne. Zote zake. Sisi tunasahau sindano kwenye shuka, yeye anakutana nazo kwa kiganja. Miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza. Manesi tulishapata dozi zote tatu za chanjo ya homa ya ini B, yeye hata moja. Na wewe unajua: asiyechanjwa akichomwa sindano yenye damu ya mwenye homa hiyo, wanaoambukizwa wanaweza kufika hadi 30 kati ya 100. Kwa VVU ni kama 3 kati ya 1,000, lakini VVU ndivyo tunavyoviogopa zaidi.

Ameshaanza chanjo, na yuko kwenye kamati. Nilidhani ataomba glavu nene. Akasema nesi aliyemchoma mgonjwa sindano ndiye akague shuka kabla halijaingia ndooni. Sefti boksi nalo sasa liko kwenye toroli la dawa, tunakwenda nalo kitandani, na likifika robo tatu linafungwa.

Cha kuchekesha, mganga mkuu alipofungua daftari alishtuka, mbona ajali zimeongezeka? Matroni akamjibu, "Zimeongezeka daftarini, daktari." Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko hata toroli. Dawa za kinga ya VVU lazima zianze ndani ya saa 72, na ni heri ndani ya saa chache, kisha umeze siku 28. Anayeficha mpaka aibu imwishe, muda umeshampita. Na akija kuugua, atakwenda na ushahidi gani kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi?

Si kwamba tumemaliza. Pale kwenye sinki pana nukta sita za kuteleza, na fundi anaahidi kuja tangu Ramadhani.

Kwa hiyo manila nunua, ila moja tu, na uipeleke kwanza kwa dobi na yule kijana anayechoma taka kabla ya kuwafuata manesi wenzio. Ukiona hawatii nukta wiki ya kwanza, angalia kama mkubwa hapiti hapo kila saa kuchungulia. Kwetu tulilazimika kuihamisha karatasi mara mbili.

Asali yako nimempa mdogo wangu anayekuja na treni ya Alhamisi. Dumu nalitaka, na lisirudi tupu, migebuka mikavu naikumbuka.

Ni mimi shoga yako,
Mama Rehema