Barua kwa mwanangu kabla ya safari ya Itasca

Mwanangu mpenzi,

Tumefurahi kusikia kwamba umeamua kuwapeleka wadogo zako katika hifadhi ya jimbo ya Itasca, hapa Minnesota, mwishoni mwa Juni. Mama yako ameridhia, ila tunakuomba msiende na kurudi siku hiyo hiyo. Kutoka hapa Minneapolis ni mwendo wa karibu saa nne kwa gari, na wageni wengi wakifika huelekea moja kwa moja pale mto Mississippi unapotoka ziwani, wakavuka kwa kukanyaga mawe, wakapiga picha kando ya nguzo inayosema kwamba maji hayo yana safari ya maili 2,552 hadi Ghuba ya Meksiko, kisha wakaondoka. Waache wadogo zako wavue viatu waingie mtoni, maana hapo maji ni ya magotini tu. Lakini aliyeishia hapo hajauona msitu, na msitu ndio wenye thamani zaidi machoni pangu.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1891, wakati misonobari ya Minnesota ilipokuwa ikifyekwa kwa ajili ya mbao. Wasimulie habari za Mary Gibbs, ambaye mwaka 1903, akiwa na miaka 24, alikabidhiwa usimamizi wake baada ya baba yake kufariki. Wavuna magogo walikuwa wameuziba mto kwa bwawa, maji yakapanda na kuua miti ya ukingoni mwa ziwa. Alikwenda kudai milango ya bwawa ifunguliwe, akatishiwa bunduki, wala hakurudi nyuma. Ningependa mdogo wako wa kike alisikie jina hilo akiwa chini ya misonobari ya Preacher's Grove, yenye umri wa zaidi ya miaka 200.

Siku ya pili nendeni kwa miguu hadi mnara wa Aiton Heights, uliojengwa kwa ajili ya kuchungulia moto wa msituni. Una urefu wa mita 30 hivi, kwa hiyo mdogo wetu wa mwisho asipande bila wewe kuwa nyuma yake. Njiani, penye majimaji, tazameni kama okidi ya waridi na nyeupe, ambayo ndiyo ua la jimbo, imekwisha kuchanua. Msiichume: sheria inakataza, na mmea mmoja huweza kuchukua hadi miaka 16 kabla ya kutoa ua lake la kwanza.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko dubu ni kupe. Wale wanaoambukiza ugonjwa wa Lyme wakiwa wachanga ni wadogo hata kuliko punje ya ufuta, na Juni ndio msimu wao. Vaeni suruali ndefu, mzichomeke ndani ya soksi, mjipulizie dawa ya wadudu, mtembee katikati ya njia. Jioni kagua kila mmoja nyuma ya masikio, kwapani, nyuma ya magoti na kwenye nywele. Ukimkuta kupe, mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, umvute polepole bila kumsokota.

Nafasi za kambi huwahiwa mapema, kwa hiyo nitajie tarehe wiki hii ili nilipie, pamoja na kibali cha gari. Simu huko hukosa mtandao mara kwa mara. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka kambini, nitumie ujumbe wa njia mtakayopita na saa mnayotarajia kurudi.

Baba yako