Hiyo saa moja ya Mtwara hadi Dar mnaihesabia wapi?

Ndugu Mhariri,

Kwenye ile habari yenu ya usafiri wa anga mliweka jedwali la umbali wa miji. Mstari wa Mtwara ulisema: Dar es Salaam, kilomita 400, saa moja. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa mwalimu kijana na sikuwahi kuwaandikia. Safari hii imenishinda kunyamaza.

Kilomita 400 ni za rula juu ya ramani. Barabara ya Mingoyo, Nangurukuru, Somanga na Ikwiriri inazidi kilomita 550, na basi la alfajiri linaingia Mbagala jua likiwa limeshapoa. Hiyo ni siku njema. Mei 2024, mvua za Kimbunga Hidaya zilipokata barabara pale Somanga, kusini kote tulifungiwa kama tuko kisiwani. Wazee wenzangu walikumbuka kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, watu walipokuwa wakilala kando ya Rufiji kusubiri zamu.

Sasa hiyo saa moja. Mwaka jana nilimpeleka dada yangu kliniki Dar. Mgongo wake hauwezi basi, tukauza korosho tulizokuwa tumeweka, tukakata tiketi za ndege. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa kwenye bajaji kutoka Mikindani. Uwanjani tukaambiwa ndege imechelewa, tusubiri. Saa tatu, tusubiri. Saa sita, tusubiri, na hakuna aliyetueleza sababu. Dada alikuwa amepakata bahasha ya picha zake za eksirei, hakutaka kuiweka chini hata alipokwenda msalani. Akanipa mimi niishike kwa mikono miwili. Tuliruka saa nane mchana. Angani kweli ilikuwa saa moja, sibishi. Lakini tulipokwisha kutoka uwanjani na kupenya foleni, dirisha la kliniki lilikuwa limefungwa na mlinzi akatuambia turudi wiki ijayo. Tulikaa siku saba kwa watu, tunakula chakula chao, kwa ajili ya saa moja yenu.

Na hizo tiketi! Ujumbe unaingia kwenye simu umeandikwa 07:10. Mama wa Kimakonde aliyezoea saa zetu anasoma saa saba na dakika kumi, anafika mchana, ndege ilishaondoka asubuhi. Jirani yangu yamemkuta, na nauli haikurudishwa. Kuna ugumu gani kuandika "saa moja na dakika kumi asubuhi"? Wanaouza tiketi ni Watanzania, wanaonunua ni Watanzania.

Ninachoomba ni hiki. Kila mtakapoandika umbali wa Mtwara na Dar, wekeni tarakimu tatu: kilomita za angani, kilomita za barabarani, na saa tangu mtu afunge mlango wake Mikindani hadi akae kwenye benchi la hospitali. Hiyo ya tatu msiiulize mashirika ya ndege. Mtumeni mwandishi wenu aje Jumatatu, apande bajaji alfajiri na mgonjwa, aandike saa kwenye daftari kila wanaposimama. Pa kulala nitampa mimi.

Mwalimu mstaafu,
Mikindani, Mtwara