Wimbi, maharagwe na ini: kwa nini hatuchungi pumba

Wateja wanaoletewa majibu ya vipimo vya kolesteroli, au walioambiwa wana mafuta kwenye ini, wakija kinuni huuliza kama unga wa wimbi usiochungwa utawasaidia. Unasaidia, ila kazi yenyewe hufanyika mbali na tumbo la chakula, na sukari ya uji inaweza kuiharibu.

Nyuzinyuzi za pumba hazimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba. Zikifika utumbo mpana, bakteria huzichachusha na kutoa asidi fupi za mafuta za aina tatu: asetati yenye kaboni 2, propionati yenye 3 na butirati yenye 4. Asetati ndiyo nyingi, kama asilimia 60, na hizo mbili hugawana sehemu kubwa ya kinachobaki. Butirati huliwa palepale na seli za ukuta wa utumbo. Propionati hubebwa na damu hadi kwenye ini, ambalo huichukua karibu yote. Asetati nyingi hupita na kuzunguka mwilini.

Hizi tatu hazifanyi kazi moja. Asetati ni malighafi: ini huigeuza kuwa asetili-CoA, kijenzi kidogo cha kaboni, na kutoka hapo linaweza kujenga mafuta au kolesteroli. Propionati huelekea upande wa pili, kwani katika seli za ini za panya imeonekana kupunguza kasi ya ujenzi huo. Tena, katika majaribio ya wanyama, asidi hizi huwasha kimeng'enya kiitwacho AMPK, nacho hukizima kile kinachoanzisha utengenezaji wa mafuta. Kwa binadamu matokeo hayajawa na nguvu hiyo, ndiyo maana hatuuzi unga huu kama dawa.

Lililothibitishwa vizuri zaidi kwa watu ni jambo jingine linalokwenda sambamba na hilo. Nyuzinyuzi zinazoteleza, kama za maharagwe na shayiri, hunasa nyongo na kutoka nayo chooni. Ini hulazimika kutengeneza nyongo mpya kwa kutumia kolesteroli, kwa hiyo huvuta LDL, ile inayoitwa kolesteroli mbaya, kutoka kwenye damu. Kwa sababu hiyo mteja mwenye tatizo la kolesteroli tunamwambia asitegemee wimbi peke yake. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 12 hadi 15 za nyuzinyuzi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 kwa siku. Posho (ugali wa mahindi) nyeupe ya namba moja, iliyoondolewa pumba na kiini, haikufikishi huko hata ukishiba.

Sasa sukari. Fruktosi, iliyo nusu ya sukari ya mezani, ikizidi, sehemu yake hufika kwa bakteria, na katika panya imeonekana wakiigeuza kuwa asetati inayokwenda moja kwa moja kujenga mafuta ya ini. Uji wa wimbi wenye vijiko vinne vya sukari kila asubuhi unajenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Punguza kijiko kimoja kila wiki; ulimi huzoea. Bushera, kinywaji cha nafaka kilichochachushwa, isiyotiwa sukari ni nzuri, lakini asidi yake ni ya laktiki iliyotengenezwa chunguni, si hizi za utumboni.

Anayetoka kwenye posho nyeupe asiruke kwenda kalo (ugali wa wimbi) mara mbili kwa siku. Tumbo litajaa gesi, naye ataacha kabisa. Anza na robo ya unga wa wimbi na robo tatu za ule uliozoea, ongeza kila baada ya wiki, na unywe maji ya kutosha. Viazi vitamu au posho vikilala kwenye friji, sehemu ya wanga hugeuka kuwa sugu, yaani haimeng'enywi kwenye utumbo mwembamba, na ukipasha moto haipotei yote. Visiachwe mezani usiku kucha, vitaota vijidudu.

Kuna hatari moja tunayoipa uzito kuliko zote. Sumu ya kuvu, aflatoksini, huharibu ini lenyewe, na kwenye punje hujikusanya zaidi kwenye pumba na kiini, yaani sehemu zilezile tunazokuomba ule. Kwa hiyo unga mzima unadai nafaka safi kuliko unga mweupe. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni unyevu usiozidi asilimia 13.5 na aflatoksini isiyozidi sehemu 10 kwa bilioni. Ukituletea mahindi yako tuyasage, yaanike juu ya turubai, si juu ya udongo, na utoe punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi au zenye ukungu. Kuosha au kupika hakuiondoi sumu hiyo. Karanga nazo zichague hivyohivyo kabla ya kusaga binyebwa, zile za mchuzi.

Anayetumia dawa ya kolesteroli asiiache. Statini, dawa za kolesteroli zinazotumika sana, huziba kimeng'enya kinachotengeneza kolesteroli ndani ya ini. Chakula hakiwezi kushika nafasi ya dawa hiyo. Mwambie daktari unachokula, kisha urudi kupima kwa tarehe aliyokupa.

Unga wa mahindi mazima huharibika mapema kuliko wa wimbi, kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta. Nunua wa wiki mbili, ufunge vizuri, uweke mahali pa baridi. Ukinusa harufu kali au ukionja uchungu, usiuchanganye na mpya.