Mume wangu ananunua vitu vya kutusaidia tuache kununua

Shikamoo Anti. Naomba unisikilize mpaka mwisho ndo ucheke, maana dada yangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini na ushauri hakunipa.

Mimi na mume wangu tulikubaliana tupunguze manunuzi. Madeni hatuna, ila nyumba imejaa, ukifungua kabati kuna kitu kinakudondokea, na hela inakata kabla ya mwezi kuisha na huwezi hata kusema imeenda wapi. Mimi nimefanya ya kawaida tu, nimefuta zile programu za kununulia vitu kwenye simu, nikitamani kitu nakiandika kwenye karatasi nakiacha hapo wiki kadhaa, na vingi nikirudi kuvisoma sikumbuki hata nilivitakia nini.

Sasa mwenzangu. Yeye jambo hili kalipokea kwa moyo wote, kunizidi hata mimi, na hapo ndo shida ilipoanzia kwa sababu mume wangu hawezi kupenda kitu bila kukinunulia vifaa (alipotaka kuanza mazoezi raba zilifika, mazoezi bado tunayasubiri). Akaanza na chupa za maji za stili ili tusinunue za plastiki, sawa, nikampongeza. Ikaja nyingine ya ofisini, nyingine ya kwenye gari, halafu vidogo vya wageni, Anti mgeni gani anakaribishwa maji kwenye chupa ya safari? Ikaja mirija ya chuma na vibrashi vya kuisafishia, nyumba nzima hakuna anayetumia mrija. Miswaki ya mianzi ilifika kila mmoja na plastiki yake, ndani ya boksi, na boksi nalo limezungushiwa plastiki. Mabakuli yangu ya plastiki mazima kabisa kayagawa ili yaingie ya kioo. Juzi kaleta makontena ya kuwekea vitu tulivyopanga kuvitoa, kayabandika na lebo, VYA KUTOA, na sasa hivi yenyewe ndo hayana pa kukaa.

Ila mifuko ya pamba ndo imenifikisha kwako. Droo nzima ni mifuko, imekunjwa ikaingizwa ndani ya mifuko mingine, na kila akiona mpya wenye maandishi ya mazingira anao. Nikamsomea ule utafiti wa mamlaka ya mazingira ya Denmark wa 2018, kwamba mfuko mmoja wa pamba unatakiwa utumike mara 52 ndo ulingane na ule wa plastiki kwa upande wa mabadiliko ya tabianchi peke yake, na ukihesabu na madhara mengine ya kimazingira inafika mara 7,100. Yani kila siku ya Mungu kwa miaka zaidi ya 19, mfuko mmoja, na sisi tuna droo! Akanijibu tatizo siyo sisi ni viwanda, akanisimulia kampuni za balbu zilivyokaa Geneva mwaka 1924 zikaunda umoja wao na kupanga balbu isizidi masaa 1,000 wakati zilikuwepo za kudumu zaidi, kwa hiyo dawa ni kununua vitu imara. Habari ya balbu ni ya kweli na wala simbishii, lakini Anti, kitu imara si unanunua cha zamani kikifa?

Na sasa kahamia kwenye simu. Yake ni nzima, kioo tu kimepasuka pembeni na betri inaisha mapema, fundi kamwambia vyote vinabadilishika. Yeye anataka aagize nyingine inayosifiwa kwamba ni rahisi kutengeneza. Nimemwambia simu uchafuzi wake mwingi unatokea kwenye kuitengeneza, kuanzia machimbo ya madini mpaka kiwandani, kwenye kuichaji ni kidogo, kwa hiyo iliyo rafiki wa mazingira ni hiyo hiyo ya mfukoni kwake. Akanuna. Akasema mimi kila anachofanya nakosoa, basi bora turudi tulivyokuwa.

Hapo ndo ninapokwama, sitaki turudi tulivyokuwa. Zamani alikuwa ananunua hovyo na hataki mazungumzo, leo angalau tunakaa tunaongea bajeti, anawaeleza watoto habari za taka, ana raha kwa kweli. Nikimbana naogopa atasusa lote. Nikinyamaza tunahama nyumba kuwapisha mifuko.

Nimefikiria ile sheria ya kikiingia kimoja kitoke kimoja, ila namjua, atatoa vizima ili apate nafasi ya vipya. Dada anasema nishike mimi hela, hilo sitaki, mtu mzima haombi hela ya chupa. Je, kuna namna ya kumpa hiyo hamu yake kazi nyingine, labda ya kutengeneza vilivyoharibika badala ya kuagiza, bila aone namdharau? Au nimwambie kavu kavu?

Simu kasema anaagiza mwisho wa mwezi, ukinijibu kabla ya hapo nitashukuru sana.

Mke wa Bwana Mifuko